Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya picha

Wengi wa wanaume walioacha kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, wamekwisha fika umri ambao tezi dume huleta shida, na kwa kuwa hakuna tena kampuni nyuma yao, gharama za matibabu huwaangukia watoto. Hapa Lubumbashi nimekaa katika vikao kadhaa vya familia vya namna hiyo. Kinachojadiliwa usiku kucha ni wapi mzee apelekwe akapigwe picha ya kuonyesha kama saratani ya tezi dume imesambaa, kama ni Lusaka, Johannesburg au India, na nani achange kiasi gani. Sijasikia mtu akiuliza jibu la picha hiyo litabadilisha nini katika matibabu.

Saratani ya tezi dume ikitoka mahali pake, mara nyingi hukimbilia tezi za limfu za ndani ya fupanyonga, na mifupa, hasa uti wa mgongo. Kuna njia mbili za kujua kama imefika kwenye tezi hizo: kuzipiga picha, au kuzitoa kwa upasuaji zikachunguzwe kwa hadubini. Skana ya kawaida (CT) hupima ukubwa tu, kwa hiyo tezi isiyozidi milimita 8 huhesabiwa kuwa nzima hata ikiwa imebeba chembe za saratani. Upasuaji huona zaidi, lakini bei yake si chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi na siku za kulazwa tu. Baadhi ya wagonjwa hubaki na maji ya limfu yaliyojikusanya tumboni, mguu uliovimba au damu iliyoganda katika mishipa, na mpaka leo haijathibitishwa kwamba kuzitoa tezi hizo kunarefusha maisha.

Ndiyo maana mimi huanza na vitu vya bei ndogo: kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume, kidole cha daktari kinachoipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, na kinyama kilichokatwa humo na kupewa alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani. Mwenye PSA isiyozidi 10 na Gleason isiyozidi 6 ana uwezekano mdogo sana wa saratani iliyosambaa, hata kumtafutia skana ya mifupa ni kutupa fedha. Upande wa pili yuko mzee kama baba yangu mdogo, ambaye PSA yake ilipita 100 na mgongo ulikuwa haumpi usingizi. Kwake eksirei ya kawaida ya uti wa mgongo ilitosha, na tiba ikawa kuondolewa korodani, upasuaji mfupi ambao msingi wake, kwamba saratani hii hulishwa na homoni za korodani, ulionyeshwa na daktari Charles Huggins mwaka 1941. (Kumweleza jambo hilo mwanaume wa Kikatanga ni kazi nyingine.) Picha ya maelfu ya dola isingebadilisha hata kidonge kimoja.

Ugumu uko kwa walio katikati na kwa wenye hatari kubwa ambao bado wanaweza kupona. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Australia uliohusu wanaume 302, ambapo picha ya PET, ambayo hutumia dawa ya mionzi inayojishika kwenye PSMA, protini iliyo juu ya chembe za saratani hii, ilikuwa sahihi kwa asilimia 92, huku skana ikisaidiwa na picha ya mifupa ikifikia asilimia 65. Hesabu iliyofuata huko huko ilionyesha pia kwamba PET ilikuwa nafuu zaidi. Naiamini, ila ni hesabu ya mtu ambaye mashine iko mjini kwake. Gali (gallium) ya mionzi inayotumika katika dawa hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 68, kwa hiyo dawa haiwezi kusafirishwa mbali, na mgonjwa ndiye anayesafiri, pamoja na pasipoti, tiketi, malazi na mtoto wa kumsindikiza.

Kama daktari tayari ameamua kuitoa tezi dume, atoe na tezi za limfu katika upasuaji huo huo pale hatari inapokuwa kubwa, kwa sababu gharama ya ziada ni ndogo. Kulifungua tumbo la mzee kwa ajili ya kuchungulia tu, nakataa. PET ya nje ya nchi ningeichangia kwa mgonjwa wa namna moja: yule ambaye familia imekwisha pata mahali pa kumtibu kwa mionzi, imeweka kando fedha za matibabu hayo, na daktari wake amesema waziwazi kwamba saratani ikionekana mbali atabadilisha mpango.