Usiulize itakaa muda gani, uliza inatokaje

Video yenyewe, ya kujaza midomo kwa sindano ya jeli, haikufika hata dakika moja. Dada kalala, mkono wenye glavu unamchoma mdomo wa juu, mdomo unatuna, muziki unapigwa, kwisha. Nikashuka chini kusoma watu wanasemaje. Bei gani? Inauma? Inakaa muda gani? Mwenye video akajibu kwa mbwembwe: "Ya kwetu ni ya kudumu mpenzi, hurudii tena." Mioyo myekundu ikamiminika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndani ya lile bomba la sindano kulikuwa na nini.

Ya kudumu! Tangu lini uso wa mtu ukawa paa la bati? Uso unazeeka. Mfupa wa taya unapungua, mafuta ya mashavu yanashuka, ngozi inalegea, na ile jeli uliyowekewa ukiwa na miaka 25 imekaa palepale haina habari. Au mbaya zaidi, haikai palepale.

Na si kwamba haya hayajawahi kujaribiwa. Mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga watu parafini (aina ya nta laini, si mafuta ya taa), na kwa miaka kadhaa ikawa ndiyo habari ya mjini, hadi vinundu vilipoanza kujitokeza na nta kuhamia isikotakiwa. Ikaja silikoni ya maji, hadithi ikawa ileile. Ikaja jeli ya poliakrilamaidi, aina ya plastiki iliyolowa maji. China wakaipiga marufuku mwaka 2006, wakati tayari iko ndani ya miili ya watu. Zote zilisifiwa kwa jambo hilohilo moja: haziondoki. Kweli haziondoki. Daktari wa upasuaji akiingia kuitoa anakuta imejipenyeza kwenye nyama, anakwangua anachoweza na kuacha anachoshindwa.

Sasa tazama jeli ya asidi ya haluroniki, hii inayodharauliwa eti "inaisha". Ni aina ya sukari ndefu ambayo mwili wenyewe unaitengeneza. Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwenye jicho la ng'ombe mwaka 1934. Ukiidunga ilivyo, mwili unaimaliza ndani ya siku chache, ndiyo maana kiwandani nyuzi zake hufungwa pamoja kwa kemikali mpaka zinakuwa jeli. (Kwa hiyo anayekuambia ni "asilia asilimia mia" anakuchezea. Zamani malighafi ilikuwa undu wa jogoo, siku hizi ni bakteria kwenye matangi.) Ikifungwa sana inakuwa ngumu, inafaa kidevu, ikifungwa kidogo inakuwa laini, inafaa mdomo. Ukizikosea, ya kidevu ukaiweka mdomoni, utapata mdomo unaoongea peke yake.

Lakini sifa yake kubwa ni kwamba ipo haluronidezi, kimeng'enya kinachoiyeyusha. Mdomo umekwenda upande? Inayeyushwa. Jeli imeingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inabadilika rangi na kuwa na madoa ya kijivu? Kuna kitu cha kukimbilia, na lazima kikimbiliwe mara moja. Ikifika kwenye mshipa wa jicho mtu anaweza kupofuka, na hapo hata kimeng'enya hakina ahadi. Silikoni haina hata hicho cha kujaribu. Halafu mtu anasimama mbele ya kamera anauza kukosekana kwa njia ya kurudi kama ofa!

Nilifanya kazi na mama mmoja aliyejazwa mashavu miaka mingi iliyopita. Siku moja alikuja kavimba upande mmoja, jicho limebaki mstari, na chini ya ngozi kitu kigumu unachoweza kukisukuma kwa kidole. Daktari alimwuliza swali moja tu: "Uliwekewa nini?" Akasema, "Jeli." Ipi? Hajui. Aliyemchoma alishafunga na namba haipatikani. Daktari akabaki kubahatisha, maana kuyeyusha kitu usichokijua hakuwezekani.

Haya, nitakubali kwa shingo upande: si kila kisichoyeyuka kwa kimeng'enya ni balaa. Asidi ya polilaktiki, kijazio kingine cha kudungwa, ambayo FDA (mamlaka ya dawa na chakula) ya Marekani iliiruhusu mwaka 2004 kwa watu waliopoteza mafuta ya uso kwa sababu ya VVU, inaisha yenyewe polepole, na imewarudishia watu nyuso zao. Mtu aliyekuwa akitambuliwa ugonjwa wake kwa mashavu tu, leo anapita barabarani bila kutazamwa. Hilo sina maneno nalo. Wala sina ugomvi na anayetaka mdomo mnene. Mdomo ni wake.

Wale wa kalamu za kupulizia jeli bila sindano FDA ilishawaonya watu juu yao mwaka 2021, sitaki hata kuanza.

Ukienda, basi, mwambie mchomaji afungue boksi mbele yako. Jina la jeli lipo, namba ya toleo ipo, na mara nyingi kuna kibandiko kinachobanduka ili ukae nacho wewe. Kipige picha. Kisha mwulize haluronidezi iko wapi, akuonyeshe kichupa chenyewe, si akuambie ataagiza. Akianza kucheka na kukuambia "usiwe na wasiwasi dada, hii yetu ni ya kudumu", chukua mkoba wako.