Usiiachie plagini ikuchagulie cha kutoa nje

Mtu akikuambia amegeuza mradi wake wa zamani wa Java kuwa mabando ya OSGi kwa nusu saa, mwombe akuonyeshe pom.xml yake, faili la mipangilio ya Maven, kifaa cha kujenga miradi ya Java. (OSGi ni mfumo wa kugawa programu ya Java katika vipande, na kila kipande ni bando. Bando hapa si la intaneti, ni faili la JAR lenye manifesti, yaani faili la maelezo, inayotaja pakeji linazotoa na linazohitaji.) Mara nyingi utakuta plagini ya Maven kutoka Apache Felix, maven-bundle-plugin, imebandikwa kama ilivyo: packaging imekuwa bundle, extensions imekuwa true, basi. Mradi unajengeka bila kulalamika. Nami nilifanya hivyo hivyo, nikaenda kunywa chai.

Shida ni kwamba usipoandika Export-Package, yaani orodha ya pakeji za kutoa nje, plagini hiyo hutoa nje pakeji zako zote, isipokuwa zile zenye neno impl au internal katika jina. Sasa niambie, nani aliyeandika msimbo miaka kumi iliyopita akakumbuka kuziita pakeji zake hivyo? Zetu zilikuwa util, helper na common, na zote zikatoka. Miezi michache baadaye nikagundua timu nyingine inategemea klasi yetu ya kusoma tarehe, kitu ambacho hatukuwahi kukusudia mtu wa nje akione. Nilipotaka kuifuta nikaambiwa nisithubutu.

OSGi yenyewe haina kosa: pakeji isiyotajwa kwenye manifesti, bando jingine haliioni. Java 9 ilipoleta moduli zake mwaka 2017 ilishika msimamo huo huo; usipoandika exports kwenye module-info, hakuna kinachotoka. Ukarimu ni wa plagini. Unamsaidia anayeanza mradi mpya, lakini mwenye msimbo wa zamani unamwumiza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye vya kuficha.

Kwa hiyo siku hizi mradi wote naufanya bando moja kwanza, na Export-Package naiandika kwa mkono, pakeji moja moja. Anayetaka iongezwe nyingine aje na sababu. Zilizobaki zinaingia kwenye bando hilo hilo zikiwa za ndani. Kugawanya kutakuja baadaye.

Upande wa Import-Package, orodha ya pakeji ambazo bando linahitaji, sina ugomvi. Chini ya plagini kuna bnd, kifaa alichokianzisha Peter Kriens, ambacho husoma klasi zilizokwisha kompailiwa na kuorodhesha pakeji zinazohitajika. Kazi hiyo hakuna binadamu atakayeishinda mashine. Isichokiona ni jina la klasi lililoandikwa kama maneno tu, mfano draiva ya hifadhidata iliyotajwa kwenye faili la mipangilio. Unajenga vizuri, kisha seva ikiwaka unapokewa na ClassNotFoundException, kosa la klasi kutopatikana. Dawa ni kuongeza org.postgresql mbele ya nyota (*) katika Import-Package, na nyota yenyewe usiiondoe, maana ndiyo inayobeba zile bnd ilizozigundua. Wapo wanaokimbilia DynamicImport-Package yenye nyota, inayotafuta pakeji yoyote wakati programu tayari inaendeshwa. Kosa linanyamaza kweli, lakini bando sasa linaokota chochote kutoka kwa yeyote, na umerudi kwenye classpath ile ile uliyokuwa unaikimbia, ile orodha moja ya Java ambamo kila klasi inaziona nyingine zote.

Embed-Dependency, agizo la kuweka maktaba ya nje ndani ya bando lako, naikubali nusu nusu. Maktaba ndogo unayoitumia peke yako, imeze. Ukimeza maktaba ambayo vitu vyake unapokezana na mabando mengine, utaletewa ClassCastException ya ajabu: klasi inakataliwa kugeuzwa kuwa yenyewe, jina lile lile herufi kwa herufi, kumbe kila nakala imepakiwa na kipakizi chake cha klasi (classloader). Hilo lilinila siku nzima, nikidhani macho yangu yana kasoro.

Ile klasi ya tarehe bado tunaitoa nje. Tumeihamishia kwenye pakeji yake peke yake, yenye namba yake ya toleo, na kila tunapoigusa tunawapigia simu wale jamaa kwanza.