Pluto Haikwenda Popote

Kwenye baraza za Kibokoni, Mombasa, mazungumzo yakifika kwa watoto na masomo yao, hakosi mzee wa kusema: "Hiyo sayansi yenu leo hivi, kesho vile. Sisi tulisoma sayari tisa, sasa mwatwambia nane." Watu hucheka, kahawa ikaongezwa, na hoja ikapita bila kupingwa. Mimi naipinga.

Pluto, ile sayari yao ya tisa, iko palepale. Mwaka 2006 wanaanga walikutana Prague wakapiga kura kuamua nini kiitwe sayari, na Pluto, iliyogunduliwa 1930, ikatiwa kwenye kundi la sayari kibete. Mfano huo ndio unaopendwa, na ndio dhaifu kuliko yote.

Wangeutaja ule mchoro wa ulimi ningenyamaza. Utamu nchani, uchachu pembeni, uchungu nyuma kabisa: tuliuchora, tukaupaka rangi, tukapewa alama. Chanzo chake ni utafiti wa Mjerumani David Hänig, wa mwaka 1901, aliyeona tofauti ndogo tu baina ya sehemu na sehemu. Waliomfuata wakazikuza hadi zikawa mipaka. Na kuupima hakuhitaji maabara. Chovya ncha ya ulimi kwenye kahawa tungu ya Mji wa Kale, uone kama uchungu utangoja ufike kooni. Ni watoto wangapi wameionja kahawa hiyo jioni, na asubuhi wakaandika jibu la kitabuni? Hapo nawalaumu watunga mitihani kuliko wanasayansi.

Vidonda vya tumbo navyo si vya kuchekea. Wazazi wetu waliambiwa ni pilipili na mawazo. Miaka ya 1980, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakaonyesha kwamba vingi vyatokana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, Marshall hata alimnywa ili athibitishe (asimuige mtu!). Mwaka 2005 wakatunukiwa Nobel. Na bado zimo nyumba ambamo mgonjwa anyimwa achari miaka nenda miaka rudi, anyweshwa maziwa, wala hajapelekwa kupimwa, ilhali bakteria huyo ana dawa.

Ningeulizwa kuhusu mtaala, ningetaka kila fundisho liandikwe lilijulikana lini, na lilijulikanaje. Najua walimu watalalamika kwamba hata silabasi iliyopo haimaliziki, na wana haki. Basi ipunguzwe michoro ya kupaka rangi.