Vidole Vitatu na Nusu

Ukitaka kujua kwamba Moshi ina madaktari wengi kuliko serikali inavyofahamu, simama nyuma ya gogo la bucha hapa Majengo, kisha uangushe kisu mbele ya wateja. Mkono wangu wa kulia, ambao ndio unaoilisha nyumba yangu, umekuwa ukifa ganzi tangu masika, na tangu hapo hakuna mtu aliyenunua hata robo kilo ya nyama bila kuniachia ugonjwa wa kuondoka nao.

Ugonjwa unaoongoza kwa kura ni gauti. Katika mji huu mtu akichechemea ana gauti, akivimba goti ana gauti, na akishindwa kuamka baada ya sherehe ya kipaimara, hiyo nayo ni gauti. Kwa kuwa mimi nauza nyama, kesi yangu iliamuliwa kabla sijajitetea. Mzee mmoja anayechukua mbavu kila Ijumaa alinisihi kwa upole mkubwa niachane kabisa na nyama nyekundu, akalipa, akaondoka na mbavu zake. Ningemwelewa kama ningekuwa na kiungo kilichovimba na kuwaka moto, kwa maana gauti huletwa na asidi ya yuriki inayoganda kwenye maungio, na mara nyingi huanzia kidole gumba cha mguu. Mimi miguu yangu ni mizima na sina uvimbe wowote. Nina vidole vinavyochomachoma, visivyoweza kuokota sarafu ya shilingi mia mbili mezani wala kufunga kifungo cha shati. Wengine walisema ni kiharusi, ingawa kiharusi huja ghafla na aghalabu hukumbatia uso, mkono, mguu na usemi kwa pamoja, hakiji kwa awamu wala hakichagui vidole. Kuna na wale wasiopenda mambo ya hospitali, ambao wamekubaliana kwamba mkono wangu umekamatwa na mizani yangu mwenyewe. Hao siwajibu. Nawapimia tu, na safari hii naongeza kipande juu ili wakose la kusema.

Mchana angalau kazi hunisahaulisha. Usiku, ikifika saa nane, naamshwa na vidole vinavyowaka, nakaa kitandani na kuukung'uta mkono hewani mpaka uhai urejee. Mke wangu alivumilia kwa muda, akidhani nafukuza mbu, hadi usiku mmoja alipouliza gizani, "Baba Neema, chandarua tunacho, sasa unapigana na nani?" Nilipomsimulia daktari kuhusu kukung'uta huko, uso wake ulichangamka kuliko inavyofaa mbele ya mgonjwa, akasema kwamba watu wenye tatizo hili hufanya hivyohivyo, na kwamba dalili hiyo humpa mwanga kuliko maelezo marefu.

Kisha akachukua uzi wa pamba na kuupitisha kwenye kidole changu cha pete. Upande unaoelekea kidole cha kati sikusikia kitu cha maana. Upande unaoelekea kidole kidogo nilisikia kila kitu. Nimeishi na kidole hicho tangu kuzaliwa bila kujua kwamba kina wilaya mbili. Kidole kidogo chenyewe, ambacho hata kushika kisu hakinisaidii sana, ndicho kizima kuliko vyote.

Sababu, alisema, iko kwenye kifundo cha mkono, na ugonjwa wenyewe kwa Kiingereza huitwa carpal tunnel syndrome. Upande wa kiganja kuna njia nyembamba iliyozungukwa na vifupa vinane vidogo, na juu yake umepita utepe mgumu usiotanuka. Humo zinapita kano tisa za kukunjia vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu unaohudumia gumba, shahada, kidole cha kati na ile nusu ya kidole cha pete. Ni kifodi, kile kibasi kidogo cha abiria, cha Kiboriloni siku ya soko: kimeshajaa, lakini kondakta anaapa kwamba nafasi bado ipo. Kano zikivimba kidogo tu, anayeumia ni mshipa, kwa sababu ndio laini kuliko wote. Mshipa wa kidole kidogo una akili zaidi, kwani unapita nje ya njia hiyo.

Alinikunjisha vifundo, migongo ya mikono ikigusana na vidole vikitazama chini, nikae hivyo kwa sekunde 60. Kipimo hiki kina jina la Phalen, daktari wa Marekani. Kabla muda haujaisha nilikuwa nimeshaanza kulalamika. Akanigongagonga kifundoni kwa namna iliyoelezwa na Mfaransa Jules Tinel mwaka 1915, na umeme ukakimbia hadi kwenye shahada. Baadaye akaulizia kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo na baridi yabisi, kwa kuwa vyote hivyo huchangia, akaongeza kwamba wanawake huupata mara nyingi kuliko wanaume, na hasa wakiwa wajawazito, kwa sababu mwili huhifadhi maji. Nilimhakikishia kwamba kwa upande huo niko salama. Basi akarudi kwenye kazi yangu: kukamata kisu kwa nguvu kutwa nzima, kifundo kikiwa kimepinda, na mashine ya kukatia mifupa inayotetemesha mkono hadi begani.

Tiba ya kwanza ni banzi la kuvaa usiku ili kifundo kilale kimenyooka, maana kikipinda shinikizo ndani ya ile njia huongezeka. Banzi lina bati ndani yake, na mke wangu amekwisha kulipokea kwenye paji la uso. Vidonge vya maumivu nilivyokuwa nikivimeza havisaidii sana mshipa uliobanwa, na zile vitamini B nilizouziwa kwa maneno matamu hazina ushahidi wa kutosha kwa ugonjwa huu. Kuna sindano ya steroidi inayochomwa kifundoni kupunguza uvimbe. Huleta nafuu ya wiki au miezi, kisha tatizo laweza kurudi. Mwishoni kabisa kuna upasuaji, ambao hukata ule utepe ili mshipa upumue, mtu akiwa macho na mkono pekee umetiwa ganzi, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Yaani mimi, niliyeishi kwa kukata, nimlipe mwenzangu anikate huku natazama. Hata hivyo aliniminya nyama ya chini ya gumba na kuniambia kwa sauti isiyo ya mzaha kwamba ikianza kukonda nisisubiri, kwa sababu mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usirudi ulivyokuwa.

Hayo yote niliyakubali. Nilikwama aliponiambia kisu kiwe kikali daima, jambo ambalo ni kweli kwa kuwa kisu butu hudai mkono mzito, kisha akaongeza kwamba nipumzishe mkono kwa wiki kadhaa, na tulikuwa tunaingia Desemba. Sijui alisomea wapi, lakini bila shaka hajawahi kuuza nyama Moshi katika mwezi ambao kila Mchaga aliyeko Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo anapanda gari kurudi kwao na kutaka nyama ya ukoo mzima kwa wakati mmoja. Kijana wangu wa kazi anaweza kushika nusu ya foleni. Nusu nyingine humtazama kwa mashaka na kusema itamsubiri Mangi, yaani mimi.

Jana tu mama mmoja wa Rau, mteja wangu wa miaka mingi, aliliona banzi nilipolisahau mkononi asubuhi. Alinipa pole ndefu, akanikanya nisiuchezee mkono, akaniambia habari za shemeji yake aliyefanyiwa upasuaji huohuo na sasa anafuma vitambaa, kisha akaagiza kilo tano za mbavu na kuniomba, kwa kuwa wageni wake ni wazee wasio na meno, nizikate vipande vidogovidogo na nisitumie ile mashine.