Sikumpeleka kuku hospitali, nilipelekwa mimi

Haya, nshaisikia. Ile voisi ya dakika nne, ati nimempeleka kuku hospitali akawekewa oksijeni, imenifikia, tena nimeipata kutoka kwa wifi yangu alioko Lamu, kwa hivyo mjue imetembea. Kabla haijavuka Unguja wacheni niseme mwenyewe: kuku hakuwekewa oksijeni. Kuku hakufunguliwa faili. Ile barakoa ya mvuke ilikuwa mkononi mwa nesi na haikufika usoni mwa mtu wala ndege. Na wewe shoga yangu uliyekaa kwenye foleni na mtoto ana homa mapajani ukapata nafasi ya kurekodi, wajijua, na Mungu yuwakuona.

Mwanaidi mnamjua. Kwa wageni, ni yule kuku wangu mwekundu niliyemnunua awe mchuzi wa Idi, asubuhi yenyewe kisu kishanolewa akaenda kutaga nyuma ya pipa, mamangu akasema haiwezekani mtu azae leo mumchinje leo, basi akabaki na jina akapewa. Tangu siku hiyo ndiye mkubwa wa banda, wenzake watano wamuogopa na mimi nikiwemo.

Sasa Jumatatu mchana namuona yuwahema mdomo wazi. Sikushtuka, kaskazi hii nani hahemi, kuku hatoki jasho, jua likikaza huachia mabawa yakae mbali na mwili akahema, ndio feni yake. Lakini saa nne usiku, upepo ushapoa, wenzake wamelala kimya, yeye bado. Na si kuhema tena, ni mlio. Khrrr… pyuu. Khrrr… pyuu. Kama mtu anayefyonza soda kwa mrija na soda ishakwisha chupani.

Nikafanya la kufanya. Yaani lisilofanywa, lakini hilo nimekuja kulijua baadaye. Nikaponda kitunguu thaumu, nikakamulia ndimu, nikamlaza chali mapajani kama mtoto mchanga, nikafungua mdomo nikamiminia kijiko kizima. Akageuza macho. Nikamwambia pole mama, dawa chungu ndio dawa. Usiku kucha ile khrrr ikawa khrrr-glu.

Alfajiri nikamtumia bosi ujumbe: "Samahani leo nitachelewa, Mwanaidi hawezi kuvuta pumzi, nampeleka kwa daktari." Kila neno hapo ni kweli. Liwekeni pembeni tutalirudia.

Mwenye duka la dawa za mifugo ninayemwamini yuko mjini, upande wa Mwembe Tayari, na mimi niko Kisauni. Tuktuk walinitajia bei nikacheka peke yangu. Matatu ya kwanza makanga akaona shingo imetokeza, "Dada kuku hapandi, jana nimeosha siti." Ya pili hata hakusema, alinipungia mkono tu kama anafukuza nzi. Ya tatu nikatumia akili. Mwanaidi ndani ya kikapu cha ukili, leso juu, kikapu nimekipakata, buibui juu ya yote. Nauli nikatoa mapema nisije nikasemeshwa.

Mpaka Kongowea salama, redio iko juu, honi, kila mtu na lake. Halafu foleni. Dereva akazima gari. Akazima na redio.

Khrrr… pyuu.

Bibi aliyekaa kando yangu, mtu mzima, ana tasbihi mkononi na ule uso wa watu wenye dawa ya kila maradhi, akageuka polepole. "Mwanangu, una pumu?"

Nisikilizeni. Nilikuwa na sekunde moja. Nikisema la bibi ni kuku, nateremshwa pale pale na jua lile na mgonjwa wangu. Nikasema, "Naam."

Naam tu jamani. Herufi nne.

Bibi akaanza kunisugua mgongo. Mkono wa pili akatoa kichupa cha mafuta ya mkaratusi kwenye pochi akanipaka puani mpaka macho yakanitoka machozi, sasa nazidi kufanana na mgonjwa. Akanisomea. Ndani ya kikapu Mwanaidi nae, sijui ni joto sijui ni harufu ya yale mafuta, akapandisha sauti. Na mimi nikaona haitofaa sauti itoke na kifua changu kimetulia, basi nikawa namfuata. Akivuta navuta. Akitoa natoa. Shida kuku hupumua haraka kuliko mtu, baada ya dakika mbili kichwa chazunguka, vidole vyafa ganzi, nikaanza kuugua kweli.

Kijana siti ya nyuma akapitisha pampu yake mwenyewe ya pumu, ile ya buluu, "Sista vuta mbili." Nikakataa kwa kichwa. Gari zima likaona ndio nishafika pa kushindwa kusema. Makanga, huyu huyu ambaye angenitupa nje kwa sababu ya unyoya mmoja, akapiga bati kwa kiganja, "Dere! Tuna mgonjwa! Wacha stejini, nyoosha hospitali!" Na watu wa Mombasa mwatujua, kwa ubishi tu wakubwa lakini mtu akianguka hakuna anayeuliza nauli yake. Abiria wote kumi na nne wakakubali. Mmoja alikuwa anawahi kortini. Tulivuka daraja la Nyali taa zinamulika mchana, honi mpaka Buxton, mimi nimekumbatia kikapu nasema moyoni ya Rabbi nitoe hapa hata kwa mguu mmoja.

Sasa hapa twende taratibu maana ndipo voisi ilipotia chumvi.

Zahanati moja, siitaji. Makanga na yule kijana wamenishika huku na huku, bibi nyuma amebeba viatu vyangu, sijui vilinitoka saa ngapi. Nikawekwa kwenye kiti cha magurudumu. Nesi akataka kunipokea kikapu, nikakikazia. Akasema, "Mama legeza, kitakaa hapa hapa." Nikakikazia zaidi. Akamwambia mwenziwe, "Kachanganyikiwa, hewa haifiki kichwani."

Daktari kijana, koti jeupe la pasi, akanibana kidole na kile kidude. Akatazama. Akakipangusa, akanibana kidole kingine. "Oksijeni 99," akasema, kama mtu aliyesomewa bili isiyokuwa yake. Akanitia kile chombo cha kusikilizia mgongoni. Vuta. Toa. Vuta. "Kifua safi kabisa." Na mlio anausikia, sote twausikia, khrrr-glu, khrrr-glu. Akakitoa masikioni akakitazama chombo. Akakirudisha. Nesi ashaunganisha barakoa kwenye mashine yasubiri. Daktari akaniinamia akasema kwa upole sana, upole huo ndio ulioniumiza, "Mama, hebu zuia pumzi kidogo."

Nikazuia.

Khrrr… glu… pyuu.

Hakuna aliyesema kitu. Mimi nimebana pumzi, mashavu yamefura, macho nimeyaelekeza kwenye bango la chanjo ukutani nalisoma kama mtihani. Khrrr. Daktari akanitazama kifua. Akateremsha macho polepole mpaka kwenye buibui. Buibui likatikisika lenyewe. Nesi akarudi nyuma hatua moja. Bibi, Mungu ampe maisha marefu lakini si karibu na mimi, akasogea akafunua buibui, akafunua leso kwa vidole viwili kama anafunua sufuria ya wali.

Mwanaidi akanyoosha shingo, akatutazama mmoja mmoja, akapiga chafya. Chyaa. Koti la daktari.

Bibi akasema, na hii ndiyo sehemu pekee ya voisi iliyokuwa sahihi neno kwa neno, "Mwanangu, pumu yako ina manyoya."

Yaliyofuata sina haja nayo. Makanga alicheka mpaka akakaa chini, yule wa kortini hakucheka, daktari akaniambia dirisha la malipo silihitaji na mlango ni ule. Bibi akanishika mkono akanifikisha Mwembe Tayari kwa miguu, ati anataka kujua mwisho wake.

Mzee wa dawa alimkagua Mwanaidi kuliko nilivyokaguliwa mimi. Akamnusa pua, hanuki, akasema ingekuwa yale mafua ya kufura uso harufu ingetutoa dukani. Shingo haijapinda, kinyesi si cha kijani, basi akaona si kideri, na kideri hakina dawa ni chanjo tu, pengine banda zima lingekuwa lishalala. Pembeni mwa jicho kulikuwa na povu dogo, kama la sabuni. Hapo ndipo alipotulia, akasema ni maradhi ya kifua. Akaniuliza nimempa nini, nikamwambia kitunguu thaumu na ndimu, kijiko kizima, chali.

Akavua miwani.

"Mama, tundu la hewa la kuku liko hapa, nyuma ya ulimi. Ukimiminia ovyo, yaingia kwenye pumzi. Na kuku hana kiwambo kile tulicho nacho sisi cha kuvutia hewa, ana mifuko ya hewa tisa mwilini, anapumua kwa kunyanyua kidari. Ukimlaza chali umemkalia." Bibi akawa anaitikia kila neno, ehe, ehe, utadhani yeye hakunipaka mkaratusi. Halafu akauliza banda likoje, na yale maranda ya chini nimeyabadilisha lini, nikatazama barabarani. Akasema ukiinamisha kichwa ndani macho yakawasha, jua kuku ndio hulala humo, kifua kitaponaje.

Nikapewa tailosini ya unga, ya kutia kwenye maji siku tano, na nimtenge na wenziwe. Wateja wangu wa mayai hakuna mayai mpaka siku za kungoja dawa imtoke, zilizoandikwa kwenye pakiti, ziishe, msinipigie.

Ya bosi sasa. Hayuko huku, na atakayemtumia nitamjua. Jana usiku kanitumia 3,500 kwa M-Pesa, ati ofisi wamechangia matibabu. Nilikuwa naandika niwaeleze, wallahi nilikuwa naandika, nikafuta, nikaandika, akaniwahi, "Mwanaidi aendeleaje? Ameweza kula?" Nikamjibu alhamdulillahi leo kala, mlio umepungua. Kweli tupu.

Akasema Jumamosi baada ya adhuhuri wanakuja wote kumtazama.

Maranda nishabadilisha.