Kile chumba cha VAR na sisi tuliofungiwa nje

Siku hizi ukilalamika kuhusu VAR, wale marefa wanaokaa chumbani wakikagua maamuzi kwa video, hapa Nairobi jibu ni moja tu, ati timu yako imechapwa ndio maana unaongea, ati sheria huzijui. Nimeisikia kwa matatu, nimeisikia kazini, na inaniuma kwa sababu shabiki anayelalamika hajaeleweka kabisa, watu wanadhani anataka makosa ya zamani yarudi.

Acha nianze na tarehe 21 Aprili 2024, nusu fainali ya Kombe la FA, Manchester United na Coventry. Tulikuwa kwa video Kayole, umelipa hamsini mlangoni, mabenchi yamejaa, wengine wamesimama ukutani. Coventry wakati huo walikuwa ligi ya pili, walikuwa wamefungwa 3-0 wakarudisha zote tatu, halafu dakika ya 121 Torp akatia la nne. Ile nyumba ilitingika. Kuna mzee anauza mitumba Gikomba, alimkumbatia kijana wa boda ambaye hata jina hamjui, chai yote ikamwagika chini. Halafu skrini ikaandika wanaangalia ofsaidi. Kimya. Watu mikono bado iko juu, wengine wakaanza kuketi polepole, laini zikachorwa, ncha ya kiatu cha Haji Wright ikaonekana imepita, goli likafutwa na United wakapita kwa penalti 4-2. Yule mzee aliokota kikombe chake akauliza, "sasa mimi nishangilie saa ngapi?"

Hilo swali bado sijapata wa kulijibu, na hata ligi ya Uingereza yenyewe ilikubali kwamba VAR inawapunguzia mashabiki raha ya mechi.

Wanaotetea VAR wako na hoja, tena nzito. Tuliona kwa macho yetu 2010 pale Bloemfontein goli la Lampard dhidi ya Ujerumani, mpira umevuka mstari kila mtu ameona isipokuwa refa na mshika kibendera. Mwaka mmoja kabla Thierry Henry aliushika mpira kwa mkono, Ufaransa wakaenda Kombe la Dunia na Ireland wakabaki nyumbani. Na sisi Wakenya hii tunaijua kwa aibu yetu wenyewe, 2018 mshika kibendera wetu Aden Marwa aliondolewa Kombe la Dunia kabla hata halijaanza baada ya kurekodiwa kwa siri akichukua dola 600, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakamfungia maisha. Mtu mmoja na filimbi yake ni rahisi kununuliwa kuliko watu watano na kamera. Sipingi.

Halafu kuna ile takwimu wanapenda kuitoa, ligi ya Uingereza inasema kabla ya VAR maamuzi makubwa yalikuwa sawa kwa asilimia 82 na ilipokuja yakafika 96. Wakisha kuitoa wanaona mjadala umeisha. Mimi nayo ndiyo hainiachi. Kwanza ni hesabu ya ligi yenyewe ikijipima. Pili, zile nne zilizobaki hazifanani na makosa ya zamani, refa akikosea mbio mbio jua likimpiga machoni unaweza kumsamehe, lakini mtu amekaa kwa kiti, ana picha za kila upande, anarudia mara kumi, halafu bado anakosea? Machi 2025 mechi ya Bournemouth na Wolves ilisimamishwa kama dakika nane kwa goli moja, dakika nane, mtu anatoka anaenda kununua mahindi choma anarudi anawapata bado wanaangalia.

Na hata hizo laini. Kwa miaka, kamera zilizotumika Uingereza zilikuwa zinapiga picha 50 kwa sekunde. Sasa fanya hesabu nami, mchezaji anakimbia kilomita 30 kwa saa, kati ya picha moja na inayofuata amesonga karibu sentimita 17. Sentimita 17! Huo ni urefu wa simu yako. Kwa hivyo ule wakati hasa mguu umeugusa mpira unaweza kuwa katikati ya picha mbili, hapo wa kuchagua picha ni binadamu, halafu anakuchorea laini nyembamba kama uzi anakwambia ni ofsaidi ya kidole cha kiatu na hakuna shaka. Ni kweli mambo yamebadilika, Kombe la Dunia la 2022 mpira ulikuwa na kifaa ndani kinachosoma mara 500 kwa sekunde, na ligi ya Uingereza yenyewe ilianza mtambo mpya wa ofsaidi Aprili 2025. Vizuri. Lakini kutoka 2019 hadi hapo magoli yalifutwa kwa laini ambazo tuliambiwa haziulizwi, na aliyeuliza aliitwa mjinga.

Mambo yangekuwa ni mashine tu ningenyamaza. Angalia goli la Luis Díaz, Tottenham na Liverpool, 30 Septemba 2023. Kamera haikukosea hata kidogo, ilionyesha wazi si ofsaidi. Waliokosea ni watu chumbani, walidhani refa uwanjani amekubali goli kumbe amelikataa, wakamwambia ukaguzi umekamilika, mechi ikaendelea, na walipogundua wakasema hawawezi kuisimamisha tena kwa sababu utaratibu hauruhusu. Liverpool wakapoteza 2-1. Sisi tulijua hayo yote kwa sababu sauti zilitolewa siku chache baadaye kwa shinikizo. Je, zile ambazo hazijatolewa?

Na Afrika tuko na yetu, mbaya zaidi. Fainali ya klabu bingwa 31 Mei 2019 kule Radès, Tunisia, Wydad ya Casablanca wanasawazisha dhidi ya Espérance ya Tunis, goli linakataliwa, wachezaji wanamwambia refa enda uangalie VAR, kumbe VAR haifanyi kazi na wao hawana habari. Fainali ya bara zima. Walikataa kuendelea, watu wakakaa uwanjani zaidi ya saa moja, mwishowe Espérance wakapewa kombe. Hapo utamwambia shabiki wa Casablanca hajui sheria?

Sasa nani anapanga hizi sheria? Wengi hawajui ni IFAB, chombo cha tangu 1886, kina kura nane. FIFA wako na nne kwa niaba ya nchi wanachama zaidi ya 200. Zile nne zingine ni za Uingereza, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, kila mmoja moja. Kubadilisha sheria unahitaji sita. Afrika nzima, vyama 54, imejibana ndani ya hizo nne za FIFA, na Wales pekee yake ina yake kamili. Mtu wa Kayole aliyelipa hamsini mlangoni yuko mbali kiasi gani na hicho chumba?

Lakini mahali shabiki yuko na nguvu mambo yanaenda tofauti. Sweden klabu kwa sheria zinamilikiwa na wanachama kwa asilimia 51, wakasema hatutaki VAR, na hawana hadi leo. Norway mashabiki walirusha mipira ya tenisi na hata keki za samaki uwanjani, mechi ya Rosenborg na Lillestrøm Julai 2024 ikavunjika, klabu nyingi zikaunga mkono iondolewe lakini mkutano wa shirikisho ukaamua ibaki. Sisemi turushe vitu, hapana, nasema angalau waliulizwa.

Hapa kwetu CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, ilipokuja Kasarani Agosti 2025 VAR ilikuja nayo, mashindano yakaisha ligi yetu ikabaki bila. Pesa za VAR kamili hatuna, tusidanganyane. Ila FIFA wako na ile ya bei nafuu, kamera chache tu, hakuna chumba, kocha anapewa nafasi mbili za kuomba marudio na refa mwenyewe anaenda kuangalia kando ya uwanja. Wasichana wetu wa Junior Starlets walicheza chini yake kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule Jamhuri ya Dominika 2024, wakachapa Mexico 2-1. Hiyo naitaka hapa, hata kesho.

Lakini FKF, shirikisho letu la soka, wakiileta waanze na maikrofoni ya refa. Raga wamefanya miaka mingi, unasikia refa akiongea na mwenzake wa video neno kwa neno, na hata soka lilitangaza maamuzi uwanjani kwenye Kombe la Dunia la wanawake 2023, kwa hivyo ati haiwezekani sitakubali. Kwa sababu naiona tayari, Gor Mahia na Ingwe, yaani AFC Leopards, dakika ya 88, ngoma zimenyamaza pande zote mbili, refa anarudi kutoka kwa skrini anaonyesha penalti kwa kidole, na maelfu ya watu wamesimama hawajui amekuwa akiangalia nini.