Rebmann Alikuwa Mgeni wa Mangi Masaki

Mtoto wa dada yangu anasoma darasa la nne huko Kilema, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Juzi nilifunua daftari lake nikakuta swali: "Nani aligundua Mlima Kilimanjaro?" Kajibu: Johannes Rebmann, 1848. Kapigiwa vema kubwa kwa kalamu nyekundu. Mtoto huyu akienda kuchota maji anaiona Kibo, kilele cha mlima huo, juu ya migomba, na mababu zake waliiona vivyo hivyo. Nimekasirika, na ninalisema wazi.

Mwalimu simlaumu. Watoto wamebanana kwenye madawati na mtihani wa taifa unamngoja. Najua pia kuna vitabu vinavyosema "Mzungu wa kwanza kuuona". Haya, ni nafuu kidogo. Lakini mtoto bado anabaki na jina moja na mwaka mmoja, na safari yenyewe hapewi.

Wakati safari ndiyo somo! Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, mwishoni mwa Aprili 1848. Njia hakuijua. Aliyeijua ni Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, ambaye Uchagani kwake hakukuwa kugeni. Tarehe 11 Mei Rebmann akaona kitu cheupe kileleni, akadhani ni wingu. Alipouliza, kiongozi wake akamjibu kwamba ile ni baridi; kumbe ni theluji. Walipofika Kilema, Mangi Masaki, yaani chifu wa huko, akampokea mgeni. Ilikuwa nchi yenye mtawala wake, vihamba vyake, yaani mashamba ya koo, na mifongo yake, yaani mifereji ya maji. Kule London, mwanajiografia William Cooley akabisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Mtoto gani wa miaka kumi atasinzia kwa habari hiyo? Kwa nini Bwana Kheri hayumo daftarini? Kwa nini Masaki hayumo, tena katika shule iliyo kwenye ardhi aliyoitawala?

Mtoto wa Kilwa ana magofu, wa Songea ana Majimaji. Kila mahali pana pa kuanzia.

Kwetu ningeanza na mfongo. Darasa litoke, liufuate mfongo mmoja hadi linapoanzia. Watoto wamuulize mzee: ulichimbwa na ukoo gani? Zamu ya maji anapanga nani? Ukibomoka, nani anaita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja, na asiyetokea anatozwa nini? Hapo wamepata historia, jiografia na uraia asubuhi moja, na mwalimu hakuhitaji hata ramani ya ukutani.

Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nimelipokea jina hilo kwa furaha, ila watoto wetu watasoma kile kitakachotahiniwa. Basi watunga mitihani, badilisheni swali. Ulizeni: "Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848, nani alimwongoza njia, na nani alimpokea?" Mpeni mtoto alama mbili, moja kwa Bwana Kheri, moja kwa Masaki.